Utafiti wa ustawi wa mifugo: anza na unachoweza kupima Mombasa

Anayetaka kuingia kwenye utafiti huu kwa kawaida huuliza kwanza asome wapi. Swali la kutangulia ni jingine: ni taabu gani ya mnyama unayoweza kuipima hapa hapa, kwa macho na mikono yako, kabla hata ya ufadhili? Mwenye jibu la hilo hupata msimamizi upesi kuliko mwenye barua iliyojaa huruma.

Mombasa ina maswali mawili ambayo huhitaji kuyatafuta: joto na safari.

Tuanze na joto. Watafiti hutumia kipimo cha THI, kinachounganisha joto na unyevu wa hewa, na kwa ng'ombe wa maziwa alama 72 ndiyo mpaka uliozoeleka. Msimu wa kaskazi, mchana wa nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 hutoa karibu 84. Kwa hiyo kuuliza kama ng'ombe wa Friesian wa Kisauni anaumia na joto hakutakupa shahada, jibu linajulikana. Uliza kinachomsaidia: makuti badala ya mabati? Maji ya kunywa usiku? Kumwagiwa maji? Hilo la mwisho lina mtego, kwa sababu kwa unyevu wetu maji hukawia kukauka mwilini, na bila upepo au feni kazi yake ni ndogo.

Kipimajoto kining'inize usawa wa kichwa cha mnyama, kivulini, mbali na paa. Ukikifunga chini ya mabati utakuwa umepima mabati. Kwa pumzi, simama kando mnyama akiwa ametulia, tazama ubavu, hesabu kwa sekunde 30 kisha zidisha mara mbili. Zaidi ya 60 kwa dakika, ng'ombe huyo ana shida. Usihesabu akiwa ndiyo kwanza ameinuliwa au anatoka kukamuliwa, na kila shamba lipimwe saa zile zile, tuseme kati ya saa saba na saa tisa mchana.

Safari ni mbuzi wanaoshushwa kwenye malori na kuku wa kienyeji wanaofika Kongowea wakiwa wamebanana kwenye matenga. Machinjioni, nyama yenyewe inaeleza: mchubuko mwekundu ni wa karibuni, wa manjano au kijani una siku kadhaa. Asiyetofautisha rangi hizo atamlaumu dereva kwa fimbo iliyopigwa malishoni. Na wachinjaji usiwaendee kama mwalimu. Mafundisho ya Mtume kuhusu kunoa kisu vizuri na kumstarehesha mnyama wanayajua kabla yako, na mazungumzo yanayoanzia hapo hufika mbali kuliko yale yanayoanza na hojaji.

Unene wa mbuzi haupimwi kwa macho, manyoya hudanganya. Pitisha vidole kwenye uti wa mgongo, nyuma ya ubavu wa mwisho, kisha shika kidari. Alama ni 1 hadi 5: kwa 1 mifupa inachoma vidole, kwa 3 unaipata ukibonyeza kidogo, kwa 5 huipati. Kabla ya kukusanya data yoyote, wewe na mwenzako mpime mbuzi 30 wale wale, kila mtu kivyake, kisha mkokotoe Kappa, kipimo cha jinsi watu wawili wanavyokubaliana (1 ni kukubaliana kabisa). Ikiwa chini ya 0.6, msiende popote. Ugomvi hauwi kwenye 1 wala 5, huwa kati ya 2 na 3. Kaeni hapo mpaka mkubaliane mpaka uko wapi. Halafu jicho nalo hulegea: ukishinda wiki nzima na mbuzi waliokonda, wa alama 2 ataanza kuonekana mnene. Rudieni zoezi kila baada ya wiki mbili.

Kosa linaloziangusha tasnifu zaidi, hata hivyo, ni la hesabu. Mwanafunzi anachukua mabanda mawili ya kuku wa nyama, moja la makuti na moja la mabati, kila moja na kuku 300, halafu anaandika kwamba sampuli yake ni 600. Sampuli yake ni mabanda mawili. Hakuna programu itakayomtenganishia paa na mfugaji, chakula, au upande unakotoka upepo. Afadhali mabanda 12, sita kwa sita, upime kuku 20 tu kila banda, na kwenye uchambuzi banda lihesabiwe kama kundi. Programu ya takwimu iitwayo R inafanya hivyo na ni ya bure.

Ripoti ya Brambell ya 1965 kuhusu mifugo ya Uingereza, na Uhuru Tano wa 1979, yaani misingi ya kile mnyama anachostahili, visome ujue fani ilikotoka, lakini usijaribu kuvigeuza hojaji. Nyanja Tano za watafiti Mellor na Reid za 1994 na vipimo vya mradi wa Ulaya wa Welfare Quality vya 2009 ndivyo vinavyokupa cha kujaza. Ila vipimo hivyo vilitungwa kwa mabanda ya Ulaya. Visivyohusu mbuzi wa Tana River viondoe, na ueleze kwa nini.

Vibali vina mpangilio: kwanza kamati ya maadili ya chuo, maana NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, watataka idhini yake, kisha leseni ya NACOSTI, kisha barua kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Usidhani "naangalia tu" kunakusamehe. Wafugaji na madereva wanajua kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na watakuogopa. Amua mapema, uandike kwenye fomu ya ridhaa, utafanya nini ukikuta mnyama aliyevunjika mguu anapakiwa. Tunachopendekeza: daktari wa mifugo ataitwa pale pale, na kila mtu alijue hilo tangu siku ya kwanza.

Kuhusu chuo, udaktari wa mifugo Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miaka mitano. Egerton kule Njoro na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ni njia nyingine za kuingilia kupitia kilimo na mifugo. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, hufundisha uzamili wa ustawi wa wanyama kwa mtandao, ukabaki Pwani na data yako. Tangazo la kazi lenye maneno "ustawi wa wanyama" ni nadra. Utaajiriwa kufundisha uzalishaji au fiziolojia, ustawi uuingize mwenyewe. Fedha nyingine hutoka kwa mashirika ya kampeni, na si vibaya kuzipokea, mradi mkataba useme matokeo yatachapishwa hata kama hayawapendezi. Kifungu hicho kikikosekana, usitie sahihi.