Laini ya intakomu ikikosa umeme, nitajuaje mapema?

SWALI: Habari za kazi fundi. Naishi ghorofa ya nne kwenye jengo la fleti 24, intakomu yetu ni ile ya waya mbili, laini moja jengo zima. Pawa saplai yake iko chini na inakata mara kwa mara, na hamna anayejua mpaka mtu akwame mlangoni. Juzi mama mkwe kasimama nje karibu saa nzima anabonyeza namba yangu, simu yake imeisha chaji, na mimi niko ndani namsubiri nikidhani bado yuko njiani. Niliumia sana. Nina bodi ya ESP32 (kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi) na kulehemu najua kidogo, nataka initumie ujumbe kwenye simu laini ikikosa umeme. Je, nikichukua zile waya mbili za simu ya ukutani nikaziingiza kwenye bodi itafaa?
Mama Wawili

JIBU: Pole sana dada, na pole kwa mama. Wazo lako ni zuri na linawezekana, ila hizo waya usiziingize kwenye bodi moja kwa moja, hata kwa kujaribu. Pini za ESP32 zinavumilia volti 3.3 tu, na laini nyingi za waya mbili zikiwa zimetulia zina volti 24 hadi 28, kwa hiyo bodi itaungua hapohapo. Lakini bodi ni yako, unanunua nyingine. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni laini, maana waya zilezile mbili zinabeba umeme, sauti, na ile ishara inayosema fleti gani inaitwa, vyote kwa pamoja. Ukining'iniza kitu kinachokula umeme hapo unawapunguzia wenzako 23, na ukiunganisha graundi (waya wa sifuri) ya bodi yako yenye adapta na laini ya jengo, watu wanaweza kuanza kusikia mvumo kila wakiongea na mgeni bila kujua unatoka wapi. Niliwahi kuitwa kwenye jengo lenye shida hiyohiyo, tukahangaika siku nzima, kumbe mpangaji mmoja kaweka taa ndogo kwenye laini ili aone kama umeme upo.

Kwa hiyo anza na mita. Fungua simu ya ukutani, pima zile skrubu mbili na uandike namba tatu: laini ikiwa imetulia, mtu akikupigia kutoka chini, na mlango ukifunguliwa. Mita ikikuonyesha sifuri kwenye DC usikimbilie kusema laini imekufa, geuza upande wa AC upime tena, mifumo mingine hasa ya zamani inatumia AC ya volti 12 hivi.

Ukishajua volti zako, tumia optokapla, kwa mfano PC817. Ni kitu cha miguu minne, kidogo kama punje ya hindi, ndani yake kuna taa ndogo ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inayomulika transista, ambayo ni kama swichi, yaani kati ya laini na bodi yako kinachopita ni mwanga tu, hakuna waya inayogusana. Upande wa laini weka rizista (kile kinachopunguza umeme unaopita) ya kilo-om 22. Hesabu yake ni hii: volti 24 toa 1.2 za ile taa inabaki 22.8, gawanya kwa 22,000 unapata kama mili-ampea 1. Inatosha kabisa kwa bodi kuona. Weka pia daiodi ndogo ya 1N4148 (inapitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na ile taa lakini imegeuzwa, kwa sababu taa ya PC817 inavumilia volti 6 tu za kinyume, na siku fundi akija akabadilisha waya kule chini bila kukuambia hiyo daiodi ndiyo itakuokoa. Kama laini yako ni AC, tanguliza daraja la daiodi nne na kapasita ndogo ili kuigeuza iwe DC, na rizista uipige hesabu upya.

Upande wa bodi, transista inaivuta pini kwenda chini (volti 0) umeme ukiwepo, na pini inapanda (volti 3.3) umeme ukipotea. Naomba usiugeuze mpangilio huu. Waya ikichomoka au lehemu ikiachia, bodi itasoma "hakuna umeme" na utakwenda kuangalia. Ukigeuza, siku waya ikichomoka utakaa unaamini mambo ni shwari na mgeni yuko nje.

Kwenye programu, usitume ujumbe pini ikipanda tu. Kufuli la umeme likivuta, volti zinashuka kidogo, na mazungumzo nayo yanazitikisa. Subiri pini ikae juu sekunde 30 mfululizo ndiyo upige kelele, na ikirudi chini subiri hivyohivyo kabla ya kusema umeme umerudi, la sivyo utapata ujumbe kila jirani anapofungua mlango na baada ya wiki utaacha kuusoma.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaisahau. Umeme ukikatika jengo zima, bodi yako nayo inazima na ruta inazima, nani atatuma ujumbe? Una njia mbili. Ya kwanza, vyote viwili uvipe betri. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, bodi itume salamu ya "nipo" kila dakika 5 kwenda kwenye seva ya nje, na seva ndiyo ikuarifu salamu zikikoma. Hapo hata bodi ikifa yenyewe utajua.

Halafu ongea na uongozi wa jengo kabla hujafungua chochote, laini ni ya wote. Mili-ampea 1 ya kwako haitasumbua, lakini majirani 23 wakipenda wakaiga ni mili-ampea 24 zinaliwa saa zote. Bora kiwekwe kimoja chini karibu na pawa saplai na ujumbe uwafikie wote. Na ukishaunganisha, mwombe mtu akupigie kutoka mlangoni usikilize, sauti ikibadilika hata kidogo kichomoe, mifumo mingine ni minyonge hivyo.

SWALI: Fundi shikamoo. Kwetu pawa saplai imebadilishwa mara mbili na bado intakomu inakata, hasa mvua ikinyesha, ikikauka inarudi yenyewe. Tununue ya tatu?
Mlezi wa jengo

JIBU: Marahaba. Msinunue. Pawa saplai nyingi zikiona shoti kwenye laini zinajizima ili zisiungue, na kwa hiyo ya kwenu mvua inanionyesha paneli ya nje au boksi la waya linaloingiza maji. Siku ikikata, chomoeni waya za kutoka kwenye saplai, mpime pale kwenye skrubu zake. Volti zikirudi, saplai ni nzima, shida iko mbele. Rudisheni tawi mojamoja mpaka lile linaloziangusha tena. Upande unaoingia umeme mkubwa wa volti 230 aachiwe fundi umeme peke yake.

SWALI: Mimi programu sijui, nataka tu kilie kitu kwenye chumba cha mlinzi.
Mpangaji

JIBU: Tumia relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya koili ya volti 24 DC yenye mguso uliofungika ikiwa haina umeme, na king'ora kidogo cha betri. Umeme ukiwepo koili inavuta na mguso unaachana, ukipotea unafunga na king'ora kinalia. Relei inakula zaidi ya optokapla, mara nyingi mili-ampea 15 na kuendelea, na koili yake inaharibu ishara, kwa hiyo isiwekwe kwenye laini ya sauti, iwekwe kule kwenye saplai kabla ya kichujio cha laini, na daiodi ya 1N4007 igeuzwe juu ya koili. Kila mwezi mlinzi azime breka ya intakomu asikilize kama kinalia, na kikilia kwa unyonge abadilishe betri siku hiyohiyo.