Vinundu, majipu na uvimbe: majibu ya daktari wa wanyama

Kwanza, picha. Acheni kunitumia picha ya kinundu na swali moja tu, "hiki ni nini?" Bonge la mafuta la mbwa mzee na saratani inayoua vinaweza kufanana, hata nikivishika kwa mkono. Anayeamua ni sindano nyembamba, tone kwenye kioo na hadubini. Mara nyingi mnyama halazwi hata usingizi.

Shikamoo daktari. Mbwa wangu dume anadondosha damu uumeni, mwezi wa tatu sasa. Dukani walinipa dawa za U.T.I. Juzi nimeona kinyama kama koliflawa. (Tabata)

Marahaba. Hizo dawa za dukani zilikula pesa na muda. Kwa maelezo yako nashuku uvimbe wa kuambukizana wa sehemu za siri, na sampuli itathibitisha. Ni saratani ya ajabu: kinachoambukiza si kirusi wala bakteria, ni seli hai za uvimbe wenyewe, zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wakipandana, wakilambana au wakinusana. Zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Bahati nzuri hutibika. Sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, mshipani, mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, huponya mbwa wengi. Achomwe na daktari, si jirani anayejua kushika bomba, kwa sababu dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Katika wiki hizo watoto wasiguse mkojo wala kinyesi chake.

Sasa niulize mimi: geti alifunguliwa na nani usiku "akatembee kidogo"? Mhasi. Wanaume mnaokataa kuhasi mbwa utadhani korodani zinazotolewa ni zenu, mnanichosha.

Mtoto wa mbwa ana vijipu vyenye tundu katikati, na kuna kitu kinacheza ndani. (Kilifi)

Funza wa nzi wa embe. Paka vaselini nzito kwenye tundu akose hewa, subiri ajitokeze, kisha mvute taratibu kwa kibano. Usimminye, akipasukia ndani utakuwa umenunua jipu la kweli. Nzi huyo hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi, kwa hiyo safisha anapolala, na nguo zenu pigeni pasi.

Je, oili chafu ya gari inakausha uvimbe?

Hapana. Na upele pia haitibu. Mbwa huilamba, ikamdhuru. Hili nimelijibu mpaka basi.

Paka wangu huwa namchoma sindano ya kuzuia mimba. Sasa chuchu zimevimba, mbili ngumu kama kokoto. Nimpe Panadol kwanza? (Nyali)

Usithubutu! Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka, maana ini lake haliwezi kuisafisha. Dawa za maumivu za binadamu ziacheni kabatini. Hata mbwa, diklofenaki humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Hizo sindano za kuzuia mimba huwa nazipigia kelele. Homoni yake huweza kuvimbisha matiti yote kwa ghafla, na huongeza hatari ya saratani. Uvimbe wa titi kwa paka, zaidi ya mara nane katika kumi ni saratani mbaya. Kwa mbwa ni kama nusu kwa nusu. Mpeleke wiki hii, dada, usingoje mwisho wa mwezi. Na wengine mnaosoma: jike akifungwa kizazi kabla ya joto la kwanza (kipindi cha kutaka dume), uvimbe huu huwa nadra sana. Ukingoja azae "angalau mara moja", kinga hiyo imepungua. Hana haja ya kuonja umama.

Mbwa anashindwa kumeza, taya limelegea, mate yanamtoka. Nadhani ana uvimbe kooni au mfupa. Nimtie mkono niangalie? (Morogoro)

Usimtie mkono. Kichaa cha mbwa si lazima kiwe cha kukimbiza watu; kuna cha kupooza, na ndiyo sura hiyo. Mfungie peke yake, mwite daktari wa mifugo. Kama mate yamekugusa kwenye kidonda, mdomoni au machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15, kidonda kwa sabuni, kisha nenda hospitali ukachanjwe leo. Dalili zikianza kwako, hakuna daktari wa kukurudisha.

Mtoto wa mbwa ana uvimbe laini kitovuni, ukiubonyeza unarudi ndani.

Ngiri. Ukibaki mdogo na laini, subiri akue. Ukiwa mgumu, ukiuma au akitapika, kimbia.

Niko Leicester, nina fereti jike, yule kicheche wa kufugwa. Ana kinundu ncha ya mkia na manyoya yanapungua kiunoni.

Hayo huenda ni mambo mawili. Kinundu cha ncha ya mkia kwa fereti mara nyingi ni kodoma, aina ya uvimbe unaoota kwenye mifupa ya uti wa mgongo na mkia. Hukatwa na sehemu hiyo ya mkia, na kwa kawaida huwa yamekwisha. Manyoya kupungua kuanzia mkiani huashiria ugonjwa wa tezi za juu ya figo. Hapa wimbo wangu wa kufunga kizazi nauacha: kwa fereti upasuaji huo wenyewe unahusishwa na ugonjwa wa tezi hizo. Ila usimwache kwenye joto bila dume, homoni za joto hilo humpunguzia damu mpaka afe. Muulize daktari wa huko juu ya kipandikizi cha homoni. Na siku ukimwona miguu ya nyuma imelegea, mate yanamtoka, amekodoa macho tu, huenda sukari imeshuka: mpake asali kwenye ufizi, chunga vidole, umpeleke siku hiyohiyo.