Kufuli halitoshi, na Tor peke yake nayo haitoshi

Wadau, hapa Tanga naulizwa sana, tovuti zote siku hizi zina kufuli pale kwenye anwani, sasa Tor, ile brauza ya kuficha unakoenda, ya nini tena? Kufuli hilo, yaani HTTPS, linaficha unachosoma na unachoandika, halifichi unakoenda. Ukikaa mgahawani Ngamiani ukaunga waifai yao ukafungua tovuti ya dawa za ukimwi, mwenye waifai na kampuni ya mtandao hawaoni ukurasa gani umesoma ila jina la tovuti kwa kawaida wanaliona, na jina tu saa nyingine linamaliza habari yote. Ni kama mzigo uliopakia basi la Dar, konda hajui kilichomo ila jina la mpokeaji liko juu ya boksi.

Hapo ndo Tor inaingia. Wazo lilianzia maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, leo mtu yeyote anaitumia bure. Unachotuma kinapita kompyuta tatu za watu wanaojitolea, ya kwanza inakuona wewe ila haijui unakoenda, ya mwisho inajua kinakoenda ila haikujui. Kwenye laptop bonyeza ile alama pembeni ya anwani utaiona njia yenyewe, mara Ujerumani, mara Ufini, mara Uholanzi, mi napenda sana kuiangalia.

Sasa sikiliza hapa maana wengi ndo wanapopigwa: ile kompyuta ya mwisho inavua ulinzi wa Tor, kwa hiyo kama tovuti ni HTTP tupu, yaani haina kufuli, anayeiendesha kompyuta hiyo anasoma kila kitu mpaka paswedi yako. Brauza ikikuonya kwamba tovuti haina HTTPS, toka, usijifanye hujaona. Na ukiingia Facebook kwa jina lako ushajitambulisha mwenyewe, Tor haina cha kukusaidia.

Itakuwa slo, vumilia. Pakua kutoka torproject.org tu.

Kampuni ya mtandao inaweza kuona unatumia Tor hata kama haioni unafungua nini, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitaka wanaotumia VPN, zana nyingine ya kuficha unakoenda mtandaoni, watoe taarifa, kwa hiyo soma kanuni kwanza.

Na wewe dada ambaye simu yako inakaguliwa nyumbani, brauza ya Tor inafuta historia ukiifunga lakini alama yake inabaki kwenye skrini, bora utumie simu ya mtu unayemwamini.