Stata ya rimoti kwenye nchi za baridi: ufunge au uache?

Usiku wa Januari mjini Winnipeg au Minneapolis, joto likishuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, gari lililolala nje huamka na barafu pande zote mbili za kioo. Ya nje ni umande na theluji. Ya ndani hutokana na theluji uliyoingia nayo kwenye viatu, ikayeyuka kwenye zulia, ikapanda na kuganda kiooni. Mtu wa zamu ya alfajiri anayekwangua barafu hiyo huku vidole vimekufa ganzi hahitaji kushawishiwa kwamba kubonyeza kitufe akiwa jikoni, gari likajiwasha lenyewe, ni jambo jema. Ni jema kweli, ila si kwa kila gari wala kila nyumba. Kabla ya kuuliza bei, angalia gari lako linalala wapi, ni la aina gani, na nani atakayeshika waya zake.

Kwanza hakikisha huna tayari. Magari mengi ya miaka ya karibuni yaliyouzwa Marekani na Kanada yalitoka kiwandani na uwezo huo, na mwenye gari hajui kwa sababu alilinunua kwa mtu. Kwenye rimoti ya General Motors (GM) tafuta kitufe chenye mshale uliojikunja mduara. Kwenye Toyota nyingi zisizo na kitufe maalumu, unabonyeza kitufe cha kufunga milango mara mbili haraka, kisha mara ya tatu unakishikilia kwa sekunde tatu. Kisipofanya kazi, mpe muuzaji wa chapa hiyo namba ya chesisi akuangalizie. Wakati mwingine kifaa kipo, ila huduma yake inalipiwa kwa mwaka na malipo yalikwisha na mmiliki wa kwanza.

Sasa mahali gari linapolala. Kama linalala kwenye banda lililoshikana na nyumba, ushauri wetu ni mfupi: usifunge. Injini inayounguruma humo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo hupenya mlangoni na kwenye mianya ya dari hadi vyumbani watu walikolala. Kufungua lango la banda hakutoshi, maana upepo unaweza kuirudisha ndani. Na hatari yenyewe si ile siku unayobonyeza kwa makusudi. Hatari ni siku rimoti inapojibonyeza mfukoni ukiwa umelala kwenye kochi, au mtoto anapoichezea. Familia zimekufa hivyo. Aliyekwisha funga na hana pa kulihamishia gari, azime uwezo huo kwenye mipangilio na aweke king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Gari linalolala nje nalo lina sharti lake: theluji ikirundikana nyuma, ondoa iliyoziba bomba la eksozi kabla ya kuwasha, la sivyo moshi utarudi chini ya gari na kuingia ndani.

Kama gari lako linalala nje, swali linalofuata ni unachokitafuta. Wengi husema wanataka "kupasha injini". Injini za leo zenye kompyuta na oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30 hazihitaji kuunguruma robo saa. Wizara ya maliasili ya Kanada imekuwa ikieleza kwamba dakika mbili hadi tatu zinatosha hata majira ya baridi, kisha uendeshe taratibu, maana injini hupata moto haraka ikiwa inafanya kazi kuliko ikiwa imesimama. Stata ya rimoti ni kwa ajili ya kioo na kwa ajili yako. Dakika tano hadi kumi zinatosha barafu ilegee, uanze kuona kupitia kioo, na usukani ushikike bila kuuma.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Gari dogo likiunguruma pale pale hula kama nusu lita hadi lita moja kwa saa, na lenye injini kubwa hufika lita moja na nusu. Injini ikiwa baridi huongeza kidogo. Chukua lita moja kwa saa: dakika 15 asubuhi na 15 unapotoka kazini ni nusu lita kwa siku, kama lita 11 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, na lita 55 kuanzia Novemba hadi Machi. Ukipunguza hadi dakika tano kila safari, unabaki na kama lita 18. Kwa hiyo mwambie fundi apange muda wa kujizima uwe dakika 10, asiuache kwenye 15 au 20.

Kwa mtu wa Edmonton au Winnipeg ambaye maegesho yake yana soketi ya umeme, kuna kifaa ambacho tungekipa nafasi ya kwanza: hita ya bloku. Hii huchomekwa kwenye umeme wa nyumba na kupasha maji au chuma cha injini, kwa kawaida kwa wati 400 hadi 1,000. Usiiache usiku kucha. Taima ikiiwasha saa mbili kabla ya safari inatosha. Gari huwaka bila kulia, na hewa ya moto huja mapema zaidi. Chini ya nyuzi 20 hasi, stata ya rimoti isiyo na hita inamaanisha kila asubuhi unailazimisha oili nzito kuzunguka, na ikigoma hata hujui, kwa sababu uko ndani unakunywa chai.

Aina ya gari ndiyo hukata shauri kwa wengi. Gari la otomatiki lenye ufunguo wa kuzungusha ndilo rahisi. La gia za mkono linawezekana, lakini sisi tunalikataa kwenye baridi kali. Ili lisiruke mbele likiwaka, kifaa hukulazimisha uegeshe kwa utaratibu: gia iwe huru, hendibreki juu, uchomoe ufunguo injini ikiendelea, ushuke, ufunge milango, ndipo injini izime. Mlango ukifunguliwa baada ya hapo, ruhusa inafutika. Tatizo ni hendibreki. Kebo yake ikiingia maji huganda na kushikilia magurudumu ya nyuma, ndiyo maana madereva wa huko huegesha gari likiwa kwenye gia bila kuvuta hendibreki. Huwezi kufuata mazoea hayo na bado ukawasha kwa rimoti. Dizeli inahitaji kifaa kinachosubiri plagi za joto zipashe kabla ya kupiga stata. Gari la umeme halihusiki hapa. Lenyewe hupasha chumba kwa programu ya simu.

Kisha kuna imobilaiza, ile chipu ndani ya ufunguo ambayo gari huisoma kabla ya kukubali kuwaka. Kanada iliifanya lazima kwa magari mapya kuanzia Septemba 2007. Marekani haikufanya hivyo, na ndiyo maana Kia na Hyundai nyingi za ufunguo wa kuzungusha zilizouzwa huko hazina. Gari lenye imobilaiza linahitaji kisanduku cha kuipita. Kuna cha data, kinachozungumza na kompyuta ya gari na kutoa ruhusa pale tu rimoti yako inapoamuru. Na kuna cha zamani, ambacho ndani yake hufungiwa ufunguo wako wa akiba wenye chipu. Hicho cha pili kikatae. Mwizi akikijua kilipo, ana ufunguo wako, na kampuni ya bima ikikuta ufunguo ulikuwa ndani ya gari lililoibiwa huna la kusema.

Betri ipimwe kabla, si baada. Kwenye baridi ya nyuzi 18 hasi betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, wakati injini inadai nguvu zaidi kuliko kawaida. Gari likiwa limepumzika usiku mzima, mita ikionyesha volti 12.6 betri imejaa, 12.2 ni nusu. Mtu apige stata huku unaangalia: volti zikishuka chini ya 9.6, badilisha betri kwanza. Ikizidi miaka mitano, badilisha hata kama inajikongoja. Na kama safari yako kwenda kazini ni ya dakika tano, jua kwamba kuwasha kwa rimoti, hita ya viti, feni na difrosta, yaani nyaya za kuyeyusha barafu kwenye kioo cha nyuma, vikila umeme kwa pamoja, hiyo safari haiirudishii betri ilichotoa. Wengi wanaolaumu kifaa, kosa lao liko hapo.

Tukija kwa fundi, hapa ndipo tungependa utumie muda wako mwingi. Chapa kama Compustar, Viper au Fortin zote zinafanya kazi; kinachoharibu ni waya. Ukichungulia chini ya usukani wa gari lililofungwa ovyo utaziona klipu ndogo za plastiki, zile zinazobanwa juu ya waya kwa koleo bila kuchubua. Ndani kuna kisu chembamba cha bati. Kinakata nyuzi tatu nne za shaba, kinazigusa nyingine. Mwaka wa kwanza inashika. Kisha unyevu unaingia, shaba inageuka kijani, mguso unalegea, na waya mkuu wa kuwasha, unaobeba umeme mwingi, unapata moto pale pale hadi plastiki inayeyuka. Dalili ya mapema ni gari kuzima ghafla ukipita kwenye shimo. Dai kwamba waya ziungwe kwa plagi maalumu ya modeli yako, inayochomekwa katikati ya plagi za kiwandani bila kukata kitu, au zichubuliwe, zisukwe, zichomwe risasi ya kuunganishia na kufungwa tepu ya kitambaa. Waya wa eathi ufungwe kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Muulize pia kifaa kitajuaje injini imeshika. Jibu sahihi ni kwamba kitasoma mizunguko ya injini. Akisema kinakisia kwa muda au kwa volti, asubuhi ya baridi kali kitaacha kupiga stata injini haijashika, au kitaendelea imeshashika, na meno ya stata yasagane na ya flaiwili, gurudumu la injini ambalo stata hulizungusha. Na swichi ya boneti isirukwe. Ni kipini kidogo kinachozuia gari lisiwake boneti ikiwa wazi, na mafundi wenye haraka huiacha kwa sababu kupitisha waya wake hadi mbele huchukua nusu saa. Bila hiyo, siku moja mtu atakuwa ameinama kwenye mkanda wa feni na mwingine abonyeze.

Bei ya kifaa na kazi kwa Marekani mara nyingi ni kati ya dola 300 na 600, zaidi kidogo kwa gari la kitufe, yaani linalowashwa kwa kubonyeza badala ya kuzungusha ufunguo. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Kuta za ghorofa huupunguza sana. Chukua rimoti inayojibu, inayokuonyesha kwamba gari kweli limewaka. Kama maegesho yako yako mbali, ya programu ya simu ndiyo inafaa, ila ina ada ya kila mwaka. Kuhusu waranti, sheria ya Marekani ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mtengenezaji kukunyima waranti yote kwa sababu tu umefunga kifaa cha nje. Lazima aonyeshe kwamba ndicho kilichosababisha hitilafu. Tunza risiti. Sheria za mji nazo uzijue: Toronto hairuhusu gari liungurume limesimama zaidi ya dakika moja katika saa nzima, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Colorado ilibadilisha sheria yake mwaka 2016 ili gari linalowashwa kwa rimoti lisihesabiwe kosa. Aliyeko Ujerumani asijisumbue kabisa, kupasha injini gari limesimama ni kosa la faini ya euro 80.

Ukishafunga, jenga tabia moja kila unapoegesha: zima waipa, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, weka joto juu na feni ya kati, ndipo uzime gari. Waipa zilizoachwa zikiwa zimewashwa, gari likijiwasha zitavutana na barafu hadi fyuzi au mota iungue.

Siku ya kulichukua, usilipe kabla ya kujaribu mbele ya fundi. Liwashe kwa rimoti, kisha fungua boneti: lazima lizime. Liwashe tena, kanyaga breki bila ufunguo: lazima lizime. La tatu, ingia, zungusha ufunguo hadi ON bila kupiga stata, kanyaga breki: sasa lazima liendelee. Kwenye gari la kitufe muulize kama hujizima ukifungua mlango, maana baadhi hufanya hivyo. Mwisho funga milango yote, subiri nusu saa kompyuta zilale, na apime umeme unaovuja kwenye betri. Ukizidi miliampea 50, gari libaki kwake.