Usilipe kabla hujaandikiwa: maswali ya wanaorudi chuo kikuu na umri wao

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka Lubumbashi, kwa watu wenye watoto wa sekondari wanaotaka kumaliza masomo waliyoyaacha njiani. Tumejibu nne.

Jambo wahariri. Nilisoma G1 na G2 (mwaka wa kwanza na wa pili wa graduwa) ya uchumi, nikaacha mwaka 2009 kwa kukosa pesa. Nina miaka 43 na ninafanya kazi ya uhasibu katika duka la vipuri. Nataka kuhamia chuo kingine. Je, nitaingia moja kwa moja mwaka wa tatu? Kijana mmoja aniambia nilipe tu, mengine yatafuata. (Baba wa watoto watano, Katuba)

Papa, huyo kijana usimsikilize. Pesa zikishaingia benki, bordero (risiti ya benki) unayo lakini nguvu ya kujadiliana huna tena. Utaandikishwa mwaka wa kwanza kama mtoto aliyemaliza sekondari jana, na ukianza kudai kozi zako utaulizwa kwa nini hukusema mapema.

Wewe ulisoma katika mfumo wa zamani: graduwa miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wanaoanza wanaingia katika LMD (lisansi, masta, doktora), ambamo lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180 na masta ni miwili yenye kredi 120, maana yake kredi 60 kwa mwaka, 30 kwa semesta. Jina lisansi limebaki, kitu kimebadilika: ile ya zamani iliishia mwaka wa tano, hii inaishia wa tatu. Watu wengi hugombana na sekretari wa fakilite (kitivo) kwa sababu ya neno hilo moja tu.

Mfumo wa zamani ulihesabu miaka, LMD inahesabu kozi. Kwa hiyo hakuna atakayesema "G2 ni sawa na mwaka wa pili". Releve zako (karatasi za alama) zitafunguliwa mstari kwa mstari. Chukua mstari kama huu: *Takwimu, saa 45, 12/20*. Kredi moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, na kama saa 15 kati ya hizo ni za darasani, basi saa zako 45 zinatoa kredi 3. Kama somo hilo leo lina kredi 4 kwa kuwa wameongeza mazoezi ya kompyuta, utakubaliwa zile 3 na kudaiwa nyongeza, au utaambiwa urudie lote. Sasa weka 8/20 mahali pa 12/20. Zamani jiri (kamati ya mitihani) iliweza kukupitisha kwa jumla ya asilimia hata ukiwa na kozi moja au mbili chini ya 10. Wewe unakumbuka kwamba ulipita; anayesoma karatasi leo anaona 8. Hiyo uihesabu kuwa utairudia.

Na kozi za uhasibu, Papa, hata kama ulipata 15, usizipiganie. Ulizisoma kwa mpango wa zamani wa hesabu wa Kongo. Nchi imeingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara) tangu 12 Septemba 2012, na mfumo wake wa uhasibu uliorekebishwa unatumika tangu 1 Januari 2018. Dukani kwako bila shaka unatumia huo huo, kwa hiyo mtihani hautakutisha, ila barua ya mwajiri usitegemee ikupe kredi. Pigania hesabu, takwimu, sheria ya jumla, historia ya uchumi: kozi ambazo hazikuzeeka.

Karatasi za kutafuta ni releve ya G1 na ya G2, kila moja peke yake, zenye saa za kila kozi, sahihi na muhuri wa fakilite. Kisha diploma ya Leta (cheti cha Serikali cha kumaliza sekondari). Ikiwa mwaka ulioacha haukufika kwenye deliberasyo (kikao cha kutoa matokeo), omba pia hati ya kuthibitisha kwamba ulihudhuria. Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mtu husahau: yaliyomo ya kozi. Kama silabi zako (vitabu vya kozi) bado ziko sandukuni, piga fotokopi ya ukurasa wa yaliyomo wa kila moja na uziambatanishe. Bila hizo, jina "Uchumi wa kisiasa" halimwambii mtu kitu, na asiyejua atakataa tu ili asijitie matatani.

Angalia pia neno lililoandikwa chini ya releve. NAF maana yake hukukubaliwa kuendelea katika tawi lile la masomo, na kulificha ni kupoteza muda, kwa kuwa chuo kipya kitaandikia cha zamani. Ukiwa nalo, omba tawi lingine. Kama ulisoma Likasi au Kolwezi wakati zilipokuwa matawi ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), jalada lako huenda limebaki Lubumbashi au limehamia huko, kwani sasa ni vyuo vinavyojitegemea. Uliza apariteri (ofisi za kuandikisha wanafunzi) za pande zote mbili. Na kama uliondoka na deni, chuo kinaweza kuzuia releve: omba kiasi hicho kwa maandishi, lipa benki, tunza bordero.

Ukitaka kuanza Oktoba, anza kutafuta karatasi Juni. Agosti ofisi ziko wazi nusu na akili za watu ziko kwenye sesio ya pili (mitihani ya kurudia).

Mwisho, barua ya ukurasa mmoja kwa dekani: orodha ya kozi unazoomba zikubaliwe, na ombi la kujibiwa kwa maandishi. Jibu likija na sahihi, ndipo uende benki. Kwa maoni yetu, mwaka wa pili ukiwa na kozi kadhaa za mwaka wa kwanza ni matokeo mazuri. Anayekuahidi wa tatu anauza kitu.

Diploma yangu ya Leta ni ya 1989, imeandikwa Zaïre na ina majina mawili tu. Kadi yangu ya uchaguzi ina matatu. Pia kwenye releve jina langu la kwanza limeandikwa kwa "u" badala ya "w". Na apariteri ameniomba barua ya ruhusa ya mume wangu. Nifanye nini? (Mama mwalimu, Kampemba)

Mama, hayo ni mambo matatu na hayana uzito sawa.

Majina mawili si kosa lako. Majina ya Kikristo yalikatazwa mwaka 1972, kwa hiyo diploma za wakati ule hazina prenom (jina la Kikristo). Ikiwa jina na postinom (jina la pili) zinalingana kwa mpangilio ule ule na tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, mara nyingi inatosha kuambatanisha hati ya kuzaliwa na kueleza katika barua ya maombi. Neno Zaïre halipunguzi thamani ya diploma, na usikubali mtu akuambie "uibadilishe".

Herufi ndiyo ngumu. Mwamba na Muamba, mdomoni ni mtu mmoja. Kwenye jalada ni wawili, na hatari yake huonekana mwishoni, siku diploma mpya inapoandikwa kwa kufuata karatasi moja na kuikana nyingine. Kama kosa liko kwenye releve peke yake, rudi kwa chuo kilichoitoa na nakala ya diploma ya Leta, waitoe upya: ni kosa la mpiga chapa. Ukiona liko kwenye hati ya kuzaliwa, hapo ni Tribunali de Pe (mahakama ya amani) ya mahali unapokaa, kwa kuwa sheria ya familia hairuhusu kubadilisha hata tahajia ya jina bila mahakama. Fanya hivyo kabla ya kujiandikisha, kisha jiandikishe kwa jina lililotoka kwa hakimu, herufi kwa herufi.

Barua ya mume: ruhusa ya mume kwa mke iliondolewa na sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016. Sheria hiyo inataka wenye ndoa wapatane katika mambo yanayowafunga kisheria, lakini karatasi ya ruhusa haimo. Mwambie apariteri kwa heshima akuonyeshe ni wapi imeandikwa kati ya masharti ya kujiandikisha yaliyobandikwa ukutani. Kwa kawaida hapo maneno huisha.

Nafanya kazi mgodini kwa zamu, wiki mbili ndani na wiki moja nje. Naweza kusoma? (Ruashi)

Kozi za jioni hazitakusaidia, ndugu, kwani shida yako si saa, ni wiki. Katika LMD mazoezi na kazi za vikundi zina alama zake, na asiyeonekana anaweza kuzuiwa mtihani. Kabla ya kuchagua tawi, omba horeri (ratiba) ya semesta iliyopita, iweke juu ya kalenda ya zamu zako, uhesabu mazoezi mangapi yangekupita. Matawi yenye maabara, kemia kwa mfano, yaache. Na uliza kama unaweza kuchukua nusu ya kredi kwa mwaka: somo likishapatikana katika LMD halipotei, kwa hiyo kwenda polepole hakukurudishi nyuma. Zamani ukishindwa mwaka ulirudia mwaka.

Nilimaliza Grade 12 Zambia na kusoma mwaka mmoja na nusu chuoni Kitwe. Nimerudi nyumbani Lubumbashi nikiwa na miaka 38. Nihamishe vipi? (Komini ya Kenya, Lubumbashi)

Anza na cheti cha Grade 12, si na chuo. Bila ekwivalansi (hati ya kulinganisha cheti) ya cheti hicho kutoka wizarani huna kitu cha kushika mahali pa diploma ya Leta, na bila hicho jalada lote linasimama hata kama chuoni ulikuwa na alama za juu. Ekwivalansi haitolewi na chuo, hata kile kinachokupenda.

Mfuatano wenye faida ni huu. Ukiwa bado unaweza kuvuka Kasumbalesa, omba ZAQA, mamlaka ya Zambia inayothibitisha vyeti, ihakikishe cheti chako. Omba pia chuo cha Kitwe kikupe releve iliyofungwa kwenye bahasha yenye muhuri, pamoja na maelezo ya kozi. Kisha mtafsiri aliyeapishwa atafsiri kwa Kifaransa. Usimpe rafiki anayejua Kiingereza vizuri: tafsiri isiyo na muhuri hurudishwa. Halafu ekwivalansi, na ya mwisho ni barua kwa dekani, kama tulivyomwambia Papa wa Katuba.

Jambo moja huwakwamisha watu wa Zambia: alama. Kule utaona herufi, A, B, C. Huku wanataka namba juu ya 20. Usizigeuze wewe mwenyewe. Omba chuo cha Kitwe kiweke nyuma ya releve jedwali lake la herufi na asilimia, nalo litafsiriwe pamoja. C yako bila jedwali itasomwa kama 10, au chini yake.

Nusu mwaka ile usiitupe. Kozi ulizofanyia mtihani na kupata alama zinaweza kuombewa kama nyingine. Zile ulizohudhuria tu bila mtihani, hizo zimekwenda.