Ushirika wa umeme unaovuka majimbo: uliza mkopo na wanachama, ramani baadae

Kwa nyie mnaoanza kazi za sheria na bei za umeme huku Marekani, mkipewa faili la ushirika wa vijijini msikimbilie ramani. Najua inavutia, unaona nyaya zimepita majimbo manne unasema basi hii ni ya FERC, mdhibiti wa serikali kuu, imeisha hiyo. Wapi! Sisi tuliotoka kwenye mambo ya EWURA, mdhibiti mmoja wa umeme na maji kwa Tanzania Bara yote, hapa lazima tuzoee upya.

Swali la kwanza: wana mkopo wa serikali? Mwaka 1967, kwenye shauri la Dairyland, tume ya umeme ya wakati ule, iliyotangulia FERC, ilisema vyama vinavyokopeshwa na REA, idara ya serikali kuu ya umeme vijijini, havimo kwenye mamlaka yake ya bei, na 2005 Bunge likapanua: ukiwa na mkopo wa aina hiyo, au unauza chini ya megawati-saa 4,000,000 kwa mwaka, uko nje. Na hapa ndo watu wanateleza, chombo kinachomilikiwa chote na vyama vya namna hiyo nacho kiko nje, hata kama chenyewe hakina deni.

Sasa FERC akikaa pembeni nani anaangalia? Jimbo, likitaka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1983, kesi ya Arkansas, kwamba kamisheni ya jimbo inaweza kudhibiti hata bei ya jumla ambayo ushirika mkubwa unawauzia wanachama wake. Shida ni kwamba kila jimbo lina sheria yake. Someni Tri-State, ushirika mkubwa unaouzia umeme vyama wanachama wake, someni kweli sio juu juu, wako Colorado, New Mexico, Wyoming na Nebraska, bei wanapanga moja kwa wote, halafu kabla ya 2019 New Mexico wanachama wakilalamika kamisheni ilikuwa inaweza kuisimamisha, sasa hiyo pesa isiyokusanywa kule angeibeba nani?

Dawa waliyotumia 2019 ni ya kiwakili haswa: wakaingiza mwanachama asiye ushirika, kampuni ya gesi, kwa hiyo hawakumilikiwa tena chote na vyama, na msamaha ukaisha palepale wakawa chini ya FERC. Mwanachama mmoja tu! United Power, ushirika mwanachama aliyekuwa anataka kutoka, akabebwa na wimbi hilo, kesi ya ada ya kujitoa ambayo alikuwa anaigombania mbele ya kamisheni ya Colorado ikahamia FERC, akaja kutoka Mei 2024. Mi naona jimbo lilizungukwa, ila kisheria walikuwa sawa.

Kwa hiyo kabla hujaandika memo omba orodha ya wanachama na tarehe walizoingia, katiba ya chama, na mkataba wa kununua umeme, maana ile ya Tri-State iliwafunga wanachama hadi 2050 wanunue asilimia 95 kwao. Bei ya rejareja ya mwanakijiji usihangaike nayo sana mwanzoni, majimbo mengi wameiachia bodi ya ushirika wenyewe.