Shangazi, nichague bendi au mke wangu?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mpiga dramu, nina miaka 31. Bendi yetu ya roki ina watu wanne, na tuko pamoja tangu sekondari. Kila mwaka tunakaa barabarani miezi kadhaa, tukipiga kwenye kumbi ndogo. Usiku mmoja watu mia, usiku mwingine hata thelathini hawafiki. Mimi sinywi pombe, kwa hiyo usukani ni wangu. Tukimaliza shoo tunapakia vyombo na kuondoka saa nane usiku, ili kesho tuwahi kupima sauti mji mwingine. Pesa anashika mwimbaji wetu, na mwisho wa ziara huniambia zimeishia kwenye mafuta. Nyumbani nina mke na mtoto wa miaka miwili. Mke wangu anasema amechoka kuwa na mume wa kwenye simu, nichague moja. Muziki naupenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, lakini narudi mikono mitupu. Nifanyeje? Halafu ziara iliyopita nilisinzia kidogo, nikashtuka tairi ziko kwenye changarawe pembeni mwa barabara. Wenzangu walikuwa wamelala. Sikuwaambia.*
*Mchovu*

Marahaba, mwanangu. Umenieleza habari za pesa, ukanieleza habari za mkeo, kisha mwishoni kabisa, kama jambo dogo la kumalizia barua, ukaniambia ulisinzia ukiwa umebeba roho za watu wanne. Mimi naanzia hapo. Hayo mengine yanahitaji kwanza uwe hai.

Hebu tuipige hesabu siku yako. Tuseme umeamka saa mbili asubuhi. Umeendesha mchana kutwa, umeshusha vyombo, umefunga dramu, umepima sauti, umesubiri bendi nyingine zitangulie, umepiga kwa nguvu zako zote, ukafungua dramu na kupakia upya. Saa nane usiku unapowasha gari, umekaa macho saa 18. Watafiti walishalipima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 hivi akili na mikono yake huwa mizito kama ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi haziruhusu mtu wa namna hiyo kushika usukani. Wenzako wanakuachia gari kwa kuwa hunywi, kumbe saa hizo huna tofauti kubwa na wao. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakusaidii. Dawa ya usingizi ni kulala.

Sikutishi kwa hadithi. Huko Marekani kulikuwa na bendi ya watu watatu iitwayo Minutemen, bendi ndogo kama yenu, watu waliojipakilia vyombo vyao wenyewe na kuishi ndani ya gari. Desemba 1985 mpiga gitaa na mwimbaji wao, D. Boon, alikuwa mgonjwa, amejilaza nyuma ya gari bila mkanda. Gari likatoka barabarani kule Arizona, naye akarushwa nje akafa. Alikuwa na miaka 27, na bendi ikaishia pale. Sasa wafikirie wenzako watatu walivyokuwa wamelala fofofo usiku ule wa changarawe. Nina hakika hakuna aliyefunga mkanda, na amplifaya zimepangwa nyuma ya vichwa vyao bila hata kamba.

Kwa hiyo kuondoka usiku baada ya shoo kuishe. Mnalala mlikopiga, mnaondoka asubuhi. Mahali pa kulala paombwe kwa promota siku ile ile ya kupatana malipo, hata kama ni sakafu ya sebule ya mtu. Mkingoja kuulizia usiku wa manane, kila mtu ameshakwenda kwake. Kama miji miwili iko mbali kiasi kwamba hamwezi kufika bila kukesha barabarani, tarehe moja ikataliwe. Najua inauma kukataa shoo, hasa kwa bendi inayotafuta jina. Ikataliwe hivyo hivyo. Mchana mpokezane usukani, na zamu ya mtu ikikaribia, usiku wa kuamkia siku hiyo yeye hanywi. Anayekaa kiti cha mbele halali. Na muulizieni mwenye bima kama inamhusu kila atakayeendesha na kama inajua gari linabeba bendi na vyombo vyake, maana wengi huja kugundua haiwahusu siku ya ajali.

Sasa pesa. Simwiti rafiki yako mwizi, na wewe usimwite. Inawezekana kabisa zimeishia kwenye mafuta. Bendi nyingi za kiwango chenu huzunguka ziara nzima na kurudi bila kitu. Lakini wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo ndipo mlipo. Kila usiku, kabla ya kutoka ukumbini, watu wawili wakae wahesabu na waandike: tumelipwa kiasi gani, ni malipo ya kupatana au ni mgao wa kiingilio, promota amekata nini, meza ya fulana na rekodi imeuza ngapi, ukumbi umechukua asilimia ngapi ya mauzo hayo, mafuta, chakula, posho ya kila mmoja. Iangalie sana ile meza ya fulana. Mara nyingi ndiyo inayojaza tangi, na ndiyo isiyo na mwenyewe, kila mtu anachota humo.

Uliza pia nyimbo zenu zimesajiliwa kwa majina ya nani. Wapiga dramu husahaulika sana hapo, wakati wimbo ulitengenezwa na watu wanne chumbani. R.E.M., bendi ya roki ya Marekani ya watu wanne, waliandika majina yote manne kwenye nyimbo zao, pamoja na mpiga dramu wao, Bill Berry. Nakutajia Berry kwa sababu nyingine pia: mwaka 1997 alipoona maisha yale yamemtosha, alisema, akaagana na wenzake kwa amani, akaenda kulima. Wao wakaendelea watatu hadi 2011. Kuondoka kunawezekana bila kugombana, mwanangu, ila mtu aondoke akiwa amesema. Wewe hujasema lolote. Unakufa na tai shingoni, wenzako wanakuona mtu wa kutegemewa asiyechoka, halafu unaniuliza mimi kama uache. Siwezi kukujibu hilo kabla wao hawajajua unabeba nini.

Na mkeo? Usimwambie tena avumilie mpaka mtoboe. Hakukuomba utajiri. Ameishi miaka miwili na mtoto mchanga bila kujua unarudi lini, na ukirudi unalala siku tatu kisha unakwenda mazoezini. Tarehe za ziara azione kabla hazijakubaliwa, na neno lake lihesabike. Kama anasema wiki mbili ndizo anazoweza peke yake, bendi ipange wiki mbili. Pesa ya nyumbani itengwe kabla gari halijawashwa, isingoje kilichobaki, kwa sababu hakibaki kitu. Na simu usimpigie saa nane usiku ukiwa hoi, unajibu "ndiyo" na "hapana". Kuna lile pengo kati ya kupima sauti na milango kufunguliwa, saa mbili au tatu ambazo nyinyi hukaa mkikodolea ukuta. Mtoto bado yuko macho saa hizo. Mpigie wakati huo, kila siku, umwone anavyokula.

Habari ya changarawe umwambie yeye kwanza, leo, kabla ya bendi. Atakasirika, pengine atalia. Ana haki ya kujua alikaribia kuwa mjane, na wewe utakuwa umempa ukweli ambao anahisi unamficha hata kama yeye hajui ni upi.

Kisha waite wenzako mkae, mchana, mahali ambapo hakuna chupa wala gitaa, kabla ya tarehe yoyote ya ziara ijayo kukubaliwa. Waeleze ulivyoshtuka tairi ziko nje ya lami na wao wamelala. Waambie hutaendesha tena baada ya shoo, na unataka daftari. Watu mliokua pamoja tangu sekondari, naamini watakusikia. Wakicheka, au mwimbaji akikuambia utazoea, basi tarehe ya ziara ikifika usipande gari hilo, hata kama dramu zako zimeshapakiwa.